Fluksi ya Sumaku: Jinsi ya Kuielewa, Kuikokotoa na Kuitumia kwa Usahihi

Anayeanza kusoma usumakuumeme hukutana mapema na majina mawili yanayokaribiana, uga wa sumaku na fluksi ya sumaku. Kwa kuwa yote mawili huelezwa kwa mistari ileile inayotoka ncha moja ya sumaku na kuingia ncha nyingine, wengi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Uga ni sifa ya nukta: popote palipo karibu na sumaku au waya unaopitisha umeme, kila nukta ina uga wenye ukubwa wake na mwelekeo wake. Fluksi ni sifa ya uso: inaeleza uga kiasi gani unapenya katika eneo fulani lenye mpaka unaojulikana, kama vile nafasi iliyozungukwa na pete ya waya. Ndiyo maana sentensi kama "sumaku hii ina fluksi kubwa" haijakamilika mpaka msemaji ataje uso anaouzungumzia. Sumaku hiyohiyo hupitisha fluksi nyingi katika pete iliyo karibu na ncha yake, fluksi kidogo katika pete iliyo mbali, na huenda isipitishe fluksi yoyote katika pete iliyogeuzwa ubavu.

Kwa maoni yangu, makosa mengi yanayofanyika katika hesabu za fluksi hayatokani na ugumu wa hesabu zenyewe, ambazo ni kuzidisha tu, bali yanatokana na kuanza kuzidisha kabla ya kuamua uso ni upi na umetazama wapi. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata jambo hilo.

Kuchagua uso na kupima pembe

Chukua koili ya waya. Uso unaohusika ni eneo lililozungukwa na mzunguko mmoja wa waya, si eneo la waya wenyewe wala urefu wa koili. Ukishaliona eneo hilo, fikiria mstari uliosimama juu yake kwa pembe mraba, kama kijiti kilichochomekwa katikati ya sahani. Hapa tutauita mstari wima wa uso. Baada ya hapo tafuta pembe iliyopo kati ya mstari huo na mwelekeo wa uga. Ikiwa uga ni wa ukubwa mmoja katika eneo zima, fluksi hupatikana hivi:

Φ = B × A × kos θ

Herufi Φ, ambayo ni fai ya Kigiriki, inasimamia fluksi. B ni ukubwa wa uga kwa kipimo cha tesla. A ni eneo kwa mita za mraba. Na θ ni ile pembe kati ya uga na mstari wima wa uso. Uga ukipenya uso moja kwa moja, pembe ni sifuri, kosini yake ni 1, na fluksi inakuwa kubwa kuliko katika mkao mwingine wowote. Uga ukipita sambamba na uso bila kuupenya, pembe ni nyuzi 90, kosini ni sifuri, na hakuna fluksi hata kama uga wenyewe ni mkali sana.

Hapo kwenye pembe ndipo penye mtego, na inafaa kupakawilia kidogo. Maswali ya mitihani, na hata maelezo ya vifaa, mara nyingi hutaja pembe kati ya uga na bapa la koili, kwa sababu bapa ndilo linaloonekana kwa macho. Fomula haitaki pembe hiyo. Tuseme bapa la koili limeinama kwa nyuzi 30 kutoka kwenye uga. Mstari wima wa uso utakuwa nyuzi 60 kutoka kwenye uga, na kosini inayotakiwa ni ya 60, yaani 0.5. Anayeingiza 30 moja kwa moja anapata 0.866, na jibu lake linazidi jibu sahihi kwa takriban asilimia 73. Kosa la namna hii halijitangazi, kwa sababu namba inayopatikana ina sura ya kawaida kabisa. Njia rahisi ya kujikinga ni kuuchora ule mstari wima kila mara kabla ya kugusa kikokotoo, hata kama swali linaonekana jepesi.

Mstari wima una pande mbili, na ni juu yako kuamua upande upi utauita chanya. Uamuzi wenyewe si mzito. Kilicho kizito ni kutoubadilisha katikati ya hesabu. Uga unaopenya kuelekea upande uliouchagua hutoa fluksi chanya, na unaopenya kinyume chake hutoa fluksi hasi. Alama hizi ndizo pekee fluksi inazo, kwani yenyewe haina mwelekeo angani kama uga ulivyo nao. Usemi kwamba "fluksi inaelekea kaskazini" unaihamishia fluksi sifa ambayo ni ya uga.

Katika hali halisi uga wa sumaku hauwi sawa kila mahali. Hupungua haraka kadiri unavyotoka kwenye ncha. Hapo uso hugawanywa katika vipande vidogo kiasi kwamba uga ndani ya kila kimoja unaweza kuhesabiwa kuwa sawa, fluksi ya kila kipande ikatafutwa, kisha zote zikajumlishwa. Hiyo ndiyo maana ya alama ya intigro katika vitabu vya juu. Kwa kazi nyingi za mezani, wastani wa uga katika eneo la koili unatosha.

Weba na ukubwa wake

Fluksi hupimwa kwa weba, kifupi chake Wb, kwa kumbukumbu ya Wilhelm Eduard Weber (1804–1891), mwanafizikia wa Ujerumani. Weba moja ni fluksi ya uga wa tesla moja unaopenya wima katika mita moja ya mraba. Kwa sababu hiyo B huitwa pia msongamano wa fluksi, na vitabu vya zamani huandika weba kwa mita ya mraba pale ambapo leo tunaandika tesla, jina lililokubaliwa kimataifa mwaka 1960. Wauzaji wa sumaku bado hupenda kutumia gausi, ambapo tesla moja ni gausi 10,000.

Weba moja ni kubwa mno kwa shughuli za kawaida. Uga wa Dunia, kutegemea mahali ulipo, ni kati ya tesla 0.000025 na 0.000065 hivi. Ukichukua mikrotesla 50, yaani 0.00005, utahitaji eneo la mita za mraba 20,000 lililoukabili uga huo wima ili kukusanya weba moja. Kwa hiyo kwenye koili za mezani tarajia miliweba na mikroweba. Kujua hili mapema kuna faida kubwa, kwa kuwa kosa la kawaida katika vipimo ni kuacha eneo katika sentimita za mraba. Sentimita moja ya mraba ni mita za mraba 0.0001, si 0.01, anayesahau kugeuza kabisa anapata jibu lililokuzwa mara elfu kumi.

Tufanye mfano mmoja mzima. Koili ina mizunguko 200 na kipenyo cha sentimita 4. Nusukipenyo ni mita 0.02, na eneo ni 3.1416 × 0.02 × 0.02, sawa na mita za mraba 0.001257. Ncha ya sumaku imewekwa mdomoni mwa koili, na wastani wa uga katika eneo hilo ni tesla 0.05, ukipenya wima. Fluksi ni 0.05 × 0.001257 × 1, yaani weba 0.0000628, au mikroweba 62.8. Mtu angeacha eneo katika sentimita za mraba, angepata weba 0.628, kiasi ambacho kwa uga wa Dunia kingehitaji kiwanja cha zaidi ya hekta moja. Kwa koili inayoenea kiganjani, jibu hilo lingepaswa kukataliwa papo hapo.

Ile mizunguko 200 haikuingia katika hesabu, na haikusahaulika. Fluksi ya 62.8 ni ile inayopita katika mzunguko mmoja. Kwa kuwa uga uleule unapenya mizunguko yote, iliyopangwa karibu karibu, tunaweza kuzungumzia fluksi ya koili nzima, ambayo ni N × Φ: hapa 200 × 0.0000628, sawa na weba 0.01257. Kipimo ni kilekile, na ndiyo sababu watu huchanganya. Unaposoma au kuandika namba ya fluksi ya koili, taja wazi kama ni ya mzunguko mmoja au ya koili nzima. Asiyejua hilo anaweza kuzidisha kwa N mara mbili, au asizidishe kabisa.

Kinachozaa umeme ni badiliko

Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday alitumia pete ya chuma iliyozungushiwa koili mbili zisizogusana. Koili moja iliunganishwa na betri, nyingine na waya uliopita karibu na sindano ya sumaku. Betri ilipounganishwa sindano ilitikisika, kisha ikatulia ingawa umeme uliendelea kupita katika koili ya kwanza. Betri ilipokatwa ikatikisika tena. Nchini Marekani, Joseph Henry aligundua jambo hilohilo karibu wakati uleule. Kiini cha ugunduzi huo kiko katika ule utulivu wa katikati: fluksi ipo, tena nyingi, lakini haibadiliki, na kwa hiyo haizai umeme.

Jaribio hili linaweza kurudiwa bila vifaa vya gharama. Tafuta waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, wa aina inayotumika kusukia mota, na bomba la plastiki ambalo sumaku yako inapita ndani yake bila kukwama. Zungusha waya mara 300 hivi, mizunguko ikiwa imebanana katika upana wa sentimita mbili au tatu, na uache ncha mbili ndefu. Kwaruza vanishi kwenye ncha hizo kwa msasa, kuzunguka pande zote, mpaka shaba ing'ae. Vanishi iliyobaki upande mmoja tu inaweza kuzuia umeme wote, na majaribio mengi yanayosemekana kuwa yameshindikana hufia hapo. Unganisha ncha na multimita ya mshale, ukiwa umeiweka kwenye kipimo kidogo kabisa cha DC, yaani umeme usiobadili mwelekeo. Multimita ya tarakimu haifai sana kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi huonyesha somo mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na mshtuko wa umeme unaotafutwa unaweza kupita kati ya masomo mawili.

Ingiza sumaku kwa mkono, haraka, ncha moja ikitangulia, na uisimamishe ndani ya koili. Mshale unaruka upande mmoja, kisha unarudi sifuri na kubaki hapo muda wote sumaku imetulia. Itoe, mshale unaruka upande wa pili. Igeuze sumaku ili ncha nyingine itangulie, na pande zinabadilishana. Ukiingiza polepole, mshale unasogea kidogo lakini kwa muda mrefu; ukiingiza kwa kasi, unaruka juu lakini mara moja tu.

Yote hayo yamo katika fomula moja:

V = −N × (badiliko la Φ ÷ muda wa badiliko hilo)

Turudi kwenye koili ya mizunguko 200. Sumaku ikiondolewa kabisa kwa muda wa sekunde 0.1, fluksi ya koili nzima inashuka kutoka weba 0.01257 hadi sifuri, na wastani wa volteji ni 0.01257 ÷ 0.1, karibu volti 0.126. Ikiondolewa kwa sekunde 0.02, wastani ni volti 0.63. Volteji imeongezeka mara tano, lakini ukizidisha volteji kwa muda katika kila hali unapata 0.01257 ileile. Hii ndiyo maana nyingine ya weba, na kwa fundi huenda ndiyo yenye manufaa zaidi: weba moja ni volti moja inayodumu kwa sekunde moja. Kasi ya mkono hubadilisha urefu wa mruko na muda wake, lakini zao lao huamuliwa na fluksi peke yake. Vifaa vya kupimia fluksi katika maabara hujumlisha volteji kadiri muda unavyokwenda kwa sababu hiyo.

Alama ya kutoa imetokana na kanuni ya Heinrich Lenz, ya mwaka 1834. Ushauri wangu ni kwamba usiiburute alama hiyo katika kila mstari wa hesabu. Tafuta ukubwa wa volteji kwanza, bila alama, kisha uamue mwelekeo kwa swali moja: je, fluksi inaongezeka au inapungua? Ikiwa inaongezeka, mkondo unaozaliwa katika koili utatengeneza uga ulio kinyume na ule wa awali. Ikiwa inapungua, mkondo utatengeneza uga ulio upande uleule, kana kwamba unaikinga fluksi isiishe. Wanaoeleza kanuni hii kwa kusema "mkondo hupinga fluksi" wanaeleza nusu yake tu, na nusu hiyo inawapotosha katika kila swali ambalo sumaku inaondoka. Kinachopingwa ni badiliko.

Fluksi inaweza kubadilishwa kwa kubadilisha uga, kwa kubadilisha eneo, au kwa kubadilisha pembe. Njia ya tatu ndiyo inayotumika katika jenereta, ambapo koili huzungushwa ndani ya uga, au sumaku huzungushwa ndani ya koili. Hapo hutokea jambo linalowashangaza wengi: volteji huwa sifuri katika mkao ambao fluksi ni kubwa kuliko zote, na huwa kubwa kuliko zote katika mkao ambao fluksi ni sifuri. Koili ikiukabili uga wima, kuigeuza kwa nyuzi chache hakubadilishi kosini kwa kiasi cha maana, kwani karibu na pembe sifuri kosini hukaa karibu na 1. Koili ikiwa ubavu kwa uga, nyuzi zilezile chache huitoa fluksi upande hasi na kuivusha upande chanya kwa haraka. Koili ikipinduliwa nusu mzunguko, kutoka kuukabili uga kwa uso mmoja hadi kuukabili kwa uso wa pili, badiliko ni mara mbili ya Φ, si sifuri, ingawa ukubwa wa fluksi mwanzoni na mwishoni ni sawa. Hapa ndipo alama za chanya na hasi zinapolipa gharama yake.

Kutumia fluksi kwenye transfoma

Transfoma, kifaa chenye koili mbili kwenye kiini kimoja cha chuma, ni mahali ambapo fluksi huacha kuwa zoezi la darasani. Koili ya kwanza ikiunganishwa na umeme wa AC, yaani unaobadili mwelekeo mara kwa mara, volteji ya umeme huo huilazimisha fluksi ndani ya kiini cha chuma kupanda na kushuka kwa kiasi kinachotosha kuzaa volteji inayokaribia kulingana nayo. Kwa umeme wa AC wa kawaida uhusiano ni huu:

V = 4.44 × f × N × Φ

Hapa f ni masafa kwa hezi, yaani umeme unarudia kupanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde, N ni mizunguko ya koili ya kwanza, na Φ ni kilele cha fluksi katika kiini. Tuseme koili ya kwanza ina mizunguko 1,000 na inapokea volti 230 za hezi 50. Kilele cha fluksi ni 230 ÷ (4.44 × 50 × 1,000), yaani takriban weba 0.00104. Ikiwa eneo la mkato wa kiini ni sentimita za mraba 8, sawa na 0.0008, msongamano wa fluksi ni 0.00104 ÷ 0.0008, karibu tesla 1.3. Chuma cha transfoma, kilichochanganywa na silikoni, hukaribia kushiba, yaani kushindwa kuongeza fluksi kwa urahisi, kwenye tesla 2 hivi, kwa hiyo transfoma hii ina nafasi ya kutosha.

Soma fomula hiyo tena na utaona kitu ambacho hakimo: mkondo unaovutwa na mzigo. Watu wengi hudhani kwamba ukiongeza vifaa upande wa pili wa transfoma, fluksi katika kiini inaongezeka. Kwa hakika inabaki karibu palepale, kwa sababu imeamuliwa na volteji, masafa na idadi ya mizunguko. Mzigo ukiongezeka, koili ya pili hutaka kuipunguza fluksi, na koili ya kwanza huvuta mkondo zaidi ili kuirudisha mahali pake. Kinachopata moto ni waya, na ndiyo sababu uzito wa mzigo hupimiwa kwenye unene wa waya na upozaji, huku ukubwa wa kiini ukitegemea pia volteji na masafa.

Masafa yamo ndani ya fomula, na hilo lina matokeo yake. Transfoma iliyobuniwa kwa hezi 60 ikiwekwa kwenye hezi 50 kwa volteji ileile, fluksi yake inapanda kwa asilimia 20. Ikiwa ilibuniwa kufanya kazi kwenye tesla 1.5, sasa inafika 1.8, mahali ambapo chuma kinaanza kushiba; kila ongezeko dogo la fluksi linadai mkondo mkubwa zaidi, transfoma inanguruma na kupata moto hata bila mzigo. Kinyume chake hakina madhara ya aina hiyo, kwa kuwa transfoma ya hezi 50 kwenye hezi 60 inabeba fluksi pungufu. Chaja ndogo za kisasa zilizoandikwa 50/60 haziguswi na hesabu hii, maana transfoma iliyomo ndani yake hufanya kazi kwa masafa ya juu sana yanayotengenezwa na chaja yenyewe.

Umeme wa DC ni masafa sifuri. Fluksi inapanda mara moja mpaka chuma kinashiba, kisha badiliko linakoma, na pamoja nalo inakoma ile volteji ya upinzani iliyokuwa ikiuzuia mkondo. Kinachobaki ni ukinzani wa waya peke yake. Koili yenye ukinzani wa omu 10 ikipewa volti 230 za DC itavuta ampea 23 na kuungua.

Uso wowote wenye mpaka uleule

Mistari ya uga wa sumaku haina mwanzo wala mwisho. Kila mstari unaotoka ncha moja huzunguka na kurudi, na kupita ndani ya sumaku yenyewe. Kwa hiyo uso uliofungwa pande zote, kama mfuko usio na mdomo, una jumla ya fluksi sifuri: kinachoingia ndicho kinachotoka. Fluksi ya umeme ni tofauti, kwani jumla yake katika uso uliofungwa hutegemea chaji iliyomo ndani. Faida ya jambo hili kwa sumaku ni kwamba nyuso mbili zenye mpaka mmoja, moja bapa na nyingine iliyobenuka, zina fluksi sawa. Uga ukipita kwa njia tata, una ruhusa ya kuchagua uso unaokurahisishia hesabu, ilimradi mpaka wake ni ule waya unaoushughulikia.

Kuchagua uso kwa akili ndiko kunakoeleza mita ya kubana waya, ile yenye taya zinazofunguka na kuukumbatia waya bila kuukata. Taya hizo ni kiini cha chuma chenye koili iliyofichwa. Uga wa waya unaopitisha umeme huuzunguka waya huo, kwa hiyo hupita ndani ya chuma, na uso unaohusika ni ule wa kukata taya kwa upana, si nafasi iliyo wazi katikati yake. Mkondo wa AC ukipanda na kushuka, fluksi katika uso huo hufanya vivyo hivyo, na koili inatoa somo. Mita ya aina hii haisomi DC, kwa kuwa fluksi isiyobadilika haina la kuiambia koili. Zinazosoma DC hutumia kihisio kinachopima uga wenyewe katika mwanya mdogo wa taya.

Ukibana waya wa laivu, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha, kwa pamoja, mita husoma sifuri hata kama kifaa kinavuta umeme mwingi. Mikondo miwili iliyo sawa na inayokwenda kinyume hutoa fluksi chanya na hasi zinazofutana. Anayetaka kupima matumizi ya kifaa lazima autenge waya mmoja. Kubana kebo nzima ni kupima kitu kingine kabisa, yaani tofauti kati ya umeme uliokwenda na uliorudi.

Tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Ndani yake laivu na nyutro hupita pamoja katika pete moja ya chuma yenye koili ndogo. Umeme wote ukirudi kwa nyutro, fluksi katika pete ni sifuri na koili iko kimya. Sehemu ya umeme ikipotelea ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu, fluksi mbili hazifutani tena, koili inazaa volteji, na swichi inakata. Zile za kulinda watu huwekwa kwa kawaida kukata tofauti inapofika miliampea 30. Kitufe cha majaribio kilicho usoni mwake hupitisha mkondo mdogo kupitia kikinza kwa namna ambayo unapita katika pete kwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukikibonyeza hutengenezi ishara ya bandia: unaweka fluksi halisi ndani ya chuma, na swichi isiyokata hapo haifai kutegemewa na inapaswa kubadilishwa na fundi.